Barua ya Wete: kupanga fuwele miminika kwa mwanga

Tunguu, Unguja
3 Aprili

Sahibu yangu Mwalimu,

Assalaam aleikum. Natumai nyote hapo Wete ni wazima na mvua hazijawafungia ndani. Nimeipata barua yako pamoja na picha za vile vioo ulivyovipaka utando wa rangi, ili mwanga wa taa uupange utando nao uzipange fuwele miminika, yaani vimiminika ambavyo molekuli zake hulala upande mmoja. Taa yako haina neno. Madoa yale yametoka kwenye unyevu ulioupata utando wakati wa kuupaka.

Umeuliza kwa nini usitumie polima ya sinamati, ile inayopangwa kwa mwanga wa urujuanimno, kama viwandani. Ni njia nzuri kweli: Martin Schadt na wenzake waliionesha mwaka 1992 kule Uswisi, na mwaka 2009 Sharp wakatangaza vioo vya televisheni vinavyopangwa kwa urujuanimno. Hakuna kusugua kioo kwa mahameli kama katika njia ya zamani, basi hakuna vumbi lake wala umeme tuli. Lakini polaraiza (vichujio vinavyopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu) za plastiki huumeza urujuanimno, na zile za nyaya nyembamba ni ghali. Kwa darasa, baki na rangi ya azo, Brilliant Yellow. Hiyo hutosheka na mwanga wa buluu wa nanomita 450, na polaraiza ya mbele ya kikokotoo kibovu inafaa. Ya nyuma iache, mara nyingi imebandikwa karatasi ya kuakisi.

Molekuli ya azo huumeza mwanga zaidi inapolala sambamba na mtikisiko wa mwanga huo. Kila ikiumeza hujikunja, hujinyoosha na kugeuka kidogo, kama mtu anayelikimbia jua mpaka apate kivuli. Mwisho hulala kwa digrii 90 na mtikisiko, na fuwele hufuata hapo hapo. Kwa hiyo usitazamie zilale sambamba na mhimili wa polaraiza.

Sasa kupaka. Pima miligramu 50 za rangi kwa mililita 5 za kiyeyushio cha DMF, upate kama asilimia 1, kisha chuja kwa kichujio cha mikroni 0.2. Zungusha kioo mizunguko 2000 hadi 3000 kwa dakika, sekunde 30. Hapa ndipo pa kuangalia. Hewa yetu mara nyingi hupita asilimia 70 za unyevu, na masika ndiyo kabisa, nawe unataka chini ya 40. Maji yakiingia kwenye utando ungali mbichi, molekuli za rangi hujikusanya vibaya na mwanga haupati tena kuzipanga sawasawa. Kuongeza dakika za taa hakulitibu hilo.

Tia feni yako ya kuzungushia ndani ya sanduku lenye kifuniko, pamoja na silika jeli uliyoikausha kwenye oveni na kipima unyevu kidogo. Usipake mpaka kipimo kishuke. Sanduku liwe la polipropilini au kioo. Akriliki huharibiwa na DMF. Na hiyo DMF ni sumu inayopita kwenye ngozi: glovu za nitraili hupenywa upesi, zikidondokewa zivue papo hapo. Mvuke wake usiuvute.

Kutoka sandukuni, oveni moja kwa moja, digrii 120 kwa nusu saa. Jenga seli, yaani vioo viwili vinavyotazamana, vikitenganishwa na vidonge vya silika vya mikroni 5 na kushikwa kwa gundi ya epoksi, kisha mulika, miliwati 10 kwa sentimita mraba, dakika 5. Ukimulika seli ikiwa imeshajengwa, kuta zote mbili hupangika upande mmoja. Ukitaka msokoto wa digrii 90, mulika kila kioo peke yake kabla ya kujenga. Kioja ni kwamba baada ya kumulika, unyevu kidogo waweza kuuzidishia utando mpangilio wake, na kuukausha kwa joto baada ya hapo huuimarisha. Lakini hilo liache mpaka ya kwanza yakutengenekee.

Kujaza, tumia fuwele miminika iitwayo E7. Ile 5CB uliyo nayo hupoteza mpangilio ikifika kama digrii 35, na mchana wa kaskazi chini ya taa ndipo hapo hasa: seli itaonekana nyeusi tupu ukadhani imekufa, kumbe ikipoa inarudi. E7 huvumilia mpaka karibu 58. Ipashe moto ipite hapo ndipo uijaze, kisha ipoe polepole, la sivyo utabaki na michirizi ya mtiririko.

Iweke baina ya polaraiza mbili zilizokingamana na uizungushe. Iwe giza kila digrii 90 na ing'are katikati. Nyuzi nyuzi zinazojipinda humaanisha mwanga haukutosha. Vidoadoa vya duara ni vumbi au utando uliojikusanya kwa unyevu. Iliyokamilika ifunike, maana mwanga mkali wa buluu huipanga upya.

Wakija jamaa kwa boti, nitampa mmoja chupa ya E7 na mfuko wa silika jeli. Wasalimie wote nyumbani.

Wasalaam,
Sahibu yako wa Tunguu