Tiketi Tatu Zilizokufa Wakati wa Mapumziko

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Tiketi za Simu,
Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: KUZUIWA KURUDI UWANJANI TUKIWA NA TIKETI HALALI, NA MADAI YA KUREJESHEWA PESA

Assalaam aleykum, na kama wewe si wa salamu hiyo, basi hujambo.

Jumamosi iliyopita nilinunua kwenu tiketi tatu za mechi ya ligi kuu hapa Mombasa: yangu, ya mwanangu wa miaka 11, na ya ami yangu, mtu mzima anayetembelea mkongojo. Kila tiketi ilikuwa shilingi 300, na juu ya kila moja mkaongeza shilingi 20 mnazoziita ada ya huduma. Zikatoka 960 kwenye M-Pesa kabla sijafumba jicho. Huo upande wa kupokea pesa, mashallah, mashine zenu hazina kasoro. Kasoro zilianza mlangoni.

Tangazo lenu lilisema milango ingefunguliwa saa saba. Tulifika saa nane kasoro tukakuta mlango mmoja tu ndio ulio wazi, na vijana wenu wawili, kila mmoja na simu yake ya kusomea tiketi. Jua la saa nane la Mombasa mnalijua. Simu ya mmoja wao ilikuwa haioni kitu. Akaichukua yangu, akaigeuza, akaifunika kwa kofia, akaifuta kwa fulana, akaniambia niongeze mwanga. Mwanga ulikuwa umefika mwisho. Mama aliyekuwa nyuma yangu alikuwa na kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, tiketi yake imekuja kwa ujumbe wa nambari tu bila ule mraba wa vidoti. Akaambiwa asimame kando amngoje mwenye daftari. Mwenye daftari sikumwona mimi, wala sidhani kama yuko. Halafu mtandao ukakatika kabisa, na watu waliokuwa wakicheka na kutaniana wakaanza kusukumana.

Hapo naomba msinione nakuza mambo. Oktoba 2010 kule uwanja wa Nyayo, Nairobi, watu 7 walikufa kwenye msongamano siku ya Gor Mahia na AFC Leopards. Walikwenda kutazama mpira kama sisi. Kampuni inayojua imeuza tiketi ngapi inajua pia watu wangapi watakuja, kwa hivyo mlango mmoja na simu mbili hayakuwa mambo ya kushtukiza. Mlihesabu pesa, mkasahau kuhesabu miili. Tuliingia mpira umeshachezwa dakika kumi na kitu, ami yangu ametota jasho kanzu nzima, na bado nilikuwa tayari kulimeza hilo, maana mpira wenyewe ulikuwa mzuri.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu.

Mechi ilianza saa tisa. Kwa majira haya, refa akipuliza mapumziko, alasiri imeshaingia. Hili si jambo geni mji huu. Wanaume wengi uwanjani huondoka, wakaswali haraka, wakarudi kipindi cha pili kikianza au kikiwa kibichi. Mapumziko ni dakika 15, na mtu akiwa na udhu wake zamtosha. Nilimwacha mwanangu na jirani yetu, mama tunayemjua tangu hajaolewa, ashike viti. Mimi na ami tukatoka. Pale mlangoni nilimuuliza kijana wenu kwa mdomo wangu, "Tukirudi kuna tatizo?" Akasema hakuna, nyinyi nendeni tu.

Tuliporudi, yule kijana hayuko. Yuko mwingine. Akaisoma tiketi yangu, simu yake ikatoa mlio ule wa kukataa na rangi nyekundu. Akasoma ya ami, nyekundu. Wakati huo huo ujumbe ukaingia kwenye simu yangu, nao ninao hadi sasa: "Ndugu mteja, tiketi yako imeshatumika. Asante kwa kutuchagua." Nikamweleza. Akasema mfumo haukubali. Nikamwambia mwanangu yuko ndani. Akasema mfumo haukubali. Ami yangu, ambaye kwa kawaida hapandishi sauti, akamwambia, "Kijana, mimi na mkongojo huu nitakuwa nimekwenda wapi kuuza tiketi yako?" Akacheka, maskini, kisha akasema tena mfumo haukubali. Akatwambia kama twataka kuingia tununue nyingine. Yaani tulipe mara ya pili kukalia viti ambavyo mtoto wangu alikuwa amevishikilia kwa mikono miwili.

Nilipiga nambari yenu ya huduma. Nikapigiwa muziki.

Aliyetusaidia ni askari polisi wa pale mlangoni, ambaye hakuwa na wajibu wowote wa kazi yenu. Alisikia neno "mtoto", akaingia mwenyewe, akamtafuta, akamtoa. Kwa hivyo mtoto naye akapoteza kipindi cha pili. Bao pekee la siku hiyo tulilisikia tukiwa nje kando ya ukuta: kwanza kimya, halafu mlipuko, halafu mwanangu akaniuliza, "Baba, nani kafunga?" Sikuwa na la kumjibu. Nilikuja kulijua jina la mfungaji jioni, kwa kinyozi.

Katika tangazo lenu mmeandika kwamba mnatuletea "raha kamili ya ligi kuu". Basi niwaeleze sisi tunalinganisha na nini, maana huenda mnadhani mashabiki wa hapa hawajawahi kuona uwanja.

Mimi nimelelewa na mpira wa viwanja vya mtaani, Serani na Tononoka, na mara moja moja Bomu kule Changamwe. Mpira wa divisheni za chini, wa ligi ya kaunti, na ndondo za Ramadhani. Pale mlangoni, palipokuwa na mlango, alikaa mzee na kitabu cha tiketi. Anakata, nusu yabaki kwake, nusu waenda nayo. Ukitoka kwa swala, kwa chai, kwa kumkimbiza mtoto aliyebanwa na haja, unarudi unamwonyesha kile kipande. Ukikipoteza, anakutazama usoni, anakwambia pita. Teknolojia yake ilikuwa macho. Na wale wasiokuwa na pesa walimjua pia, kwa hivyo kukawa na wakati wa kipindi cha pili ambapo mlango waachwa wazi na watoto wa mtaa wote waingia kwa mbio. Sijui kama hilo laweza kuingizwa kwenye mfumo.

Ndani, unasimama unapotaka. Ukisimama nyuma ya kipa, kipa anakusikia, na kama ni mtu wa maneno anakujibu, na Jumatatu mwaonana gereji akikutengenezea tuktuk na mzozo waendelea pale pale. Mshika kibendera naye hupewa darasa la sheria za mpira kutoka kwa watu ambao hawajawahi kuzisoma. Muuza kahawa apita akigongesha vikombe, na mapumziko kuna mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, kachiri, maji ya ukwaju. Kofia hupitishwa, kila mtu atia alichonacho, na hiyo ndiyo nauli ya timu ya wiki ijayo. Hapo ndipo ami yangu huchangamka hasa. Ni wa kizazi kilichoona Feisal, klabu ya hapa hapa Mombasa, ikibeba ubingwa wa Kenya mwaka 1965, ligi ya taifa ikiwa na miaka miwili tu tangu ianze. Ukimpa kahawa na mahali pa kuegemea, atakutajia kikosi. Vijana wanaomzunguka pale Serani humsikiliza yeye zaidi kuliko wanavyotazama mchezo, na mara nyingine, kwa ubora wa mchezo wenyewe, siwalaumu.

Msije mkasema nasifia umaskini. Mpira wa chini una karaha zake, na nyingine si ndogo. Nimeona refa akikimbizwa hadi barabarani. Nimeona mechi ikisimama kwa sababu mpira ni mmoja nao umeruka ukuta. Choo usiulize. Gari la wagonjwa ni tuktuk ya aliye karibu. Ndiyo maana ligi kuu ilipokuja na masharti yake, ya viti, ya askari, ya milango na tiketi, mimi nilikuwa upande wa wanaounga mkono. Hata Uingereza, ambako nusu ya mji huu una timu, maafa ya uwanja wa Hillsborough ya 1989, mashabiki walipobanwa hadi kufa, ndiyo yaliyofanya viwanja vya madaraja ya juu viamriwe kuwa vya kukaa vitini tu, na ligi za chini zikaachiwa watu wasimame. Utaratibu una sababu yake. Lakini utaratibu ule uliwekwa kwa ajili ya mtazamaji, atoke salama, aone alicholipia. Wa kwenu umewekwa ili tiketi isitumike mara mbili. Hilo nalo ni halali, ni mali yenu, lilindeni. Ila msilinde mali yenu kwa kumwacha mtoto ndani na mlezi wake nje.

Na silaumu klabu. Mombasa tumekaa miaka uwanja wa Manispaa umebomolewa ujengwe upya, timu zikihangaika pa kuchezea, na hata hivyo mwaka 2019 Bandari, klabu ya hapa, ikatwaa kombe la Shield na kumaliza ligi ya pili nyuma ya Gor Mahia. Mji kama huu ukipewa mpira mzuri watu huja. Anayewafukuza ni yule aliyesimama baina yao na mlango. Jumamosi ile nilihesabu wenzetu wa alasiri waliobaki nje kama sisi hadi nikaacha kuhesabu. Wengine walikwenda zao wakicheka kicheko kile cha mtu aliyeamua harudi.

Nimeyasoma masharti yenu baadaye. Ni ya Kiingereza, herufi za mchwa, na mahali fulani katikati imeandikwa kwamba hakuna kurudi ndani baada ya kuingia. Ujumbe wa kununua ulikuwa wa Kiswahili, ujumbe wa kukatwa pesa wa Kiswahili, ujumbe wa kukataliwa wa Kiswahili. Sharti pekee lililotuumiza ndilo lililobaki kwa Kiingereza. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma ya kiwango kinachofaa na haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike na alichonunua. Kijana wenu mlangoni ndiye aliyenipa maelezo, naye akasema tutoke tu.

Kwa hivyo nataka shilingi 960 zote. Ada ya huduma nayo imo, na hiyo hasa, maana sijaiona huduma. Msinitumie kuponi ya mechi ijayo wala punguzo. Nimeona watu wakitulizwa hivyo na sitaki kutulizwa.

Pia nataka jibu la maandishi kuhusu mechi zijazo. Kurudi baada ya mapumziko ni jambo dogo sana kulitatua. Muhuri wa wino mkononi watosha, disko za Mtwapa wamekuwa wakiutumia miaka. Au fanyeni mashine isome kutoka kama inavyosoma kuingia, tiketi ilale, ikirudi iamke. Au mwajirini yule mzee wa Serani, akae pale na macho yake. Mashabiki wenye kabambe wawe na orodha iliyochapishwa mlangoni, ya kweli, si ya kuambiwa ingojwe. Na milango iwe zaidi ya mmoja kabla watu hawajaanza kusukumana, si baada.

Yule kijana wa pili msimfukuze kazi. Aliambiwa afuate mfumo naye akaufuata. Nitakayetaka kumsikia ni aliyeupanga huo mfumo katika mji wenye misikiti kila kona, kwa mechi ya saa tisa, na asijiulize watu watakwenda wapi saa kumi kasoro.

Nawapa siku 14. Zikipita kimya, nakala ya barua hii, pamoja na picha ya ujumbe wenu wa "asante kwa kutuchagua", itakwenda kwa klabu, kwa wasimamizi wa ligi, na kwa Mamlaka ya Ushindani ambayo hupokea malalamiko ya wateja. Ami yangu ameshasema Jumamosi ijayo yeye ni Serani. Mwanangu bado anataka kwenda ligi kuu, na ni kwa ajili yake ndiyo nimejisumbua kuandika badala ya kunyamaza.

Pesa zirudisheni kwenye nambari ile ile iliyolipa. Nambari mnayo, maana matangazo yenu yaniingia kila siku, hata leo asubuhi.

Wako,
Mwenye tiketi tatu,
Kibokoni.