Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ukuaji wa Japani na Ramani Tunazochora Ubaoni

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita wa chama chetu cha walimu wa jiografia uliagiza tuchague nchi moja iliyokua kiuchumi kwa kasi, tuifundishe kwa kina badala ya kugusagusa mabara yote. Tulichagua Japani ya mwaka 1955 hadi 1973, ambapo uchumi wake ulikua kwa wastani wa karibu asilimia 10 kwa mwaka. Faida yake kwa mwalimu wa jiografia ni kwamba matokeo yameshaonekana: kesi zimehukumiwa, sheria zimetungwa, ardhi imepimwa, hakuna haja ya kubashiri.

Kamati ya masomo ilipopitia maandalio yenu, kosa lililojirudia ni hili. Mwalimu anachora ukanda wa viwanda kutoka Tokyo, Nagoya na Osaka hadi kaskazini mwa kisiwa cha Kyushu, anaupaka rangi, anaandika "uchafuzi", somo limekwisha. Kaskazini mwa Honshu, kisiwa kikuu, panabaki peupe, kana kwamba huko hakukutokea kitu. Kumbe vijana waliomaliza masomo kule walikuwa wakipandishwa treni maalumu kila mwaka, kutoka mikoa kama Aomori hadi stesheni ya Ueno, wakapokewa na waajiri wao. Tokyo ilifikisha watu milioni 10 mwaka 1962. Mwaka 1970 ikatungwa sheria ya kuyasaidia maeneo yaliyokimbiwa na watu. Mambo haya yakichorwa kwenye ramani mbili, mwanafunzi hataona kwamba ni safari moja.

Hata misitu imo katika hesabu hiyo. Baada ya vita milima ilipandwa miti ya aina chache, hasa sugi na hinoki, miti ya mbao isiyopukutisha majani, kwa kawaida miche kama 3,000 kwa hekta. Shamba la namna hiyo linataka palizi miaka ya mwanzo, kisha miti ipunguzwe kwa awamu. Vijana waliondoka, na mbao za nje zikaruhusiwa kuingia kwa wingi katika miaka ya 1960. Pasipopunguzwa miti, mwanga haufiki chini, magugu na vichaka vinakufa, mvua inapiga udongo mtupu na kuukokota. Kwa hiyo mlima wa kijani kibichi usimdanganye mwanafunzi. Afundishwe kuuliza chini ya miti kuna nini.

Somo lililowapa wanachama shida zaidi ni kudidimia kwa ardhi mashariki mwa Tokyo, katika eneo la Koto. Majibu mengi ya wanafunzi yanataja uzito wa majengo. Sababu kuu ni maji. Viwanda vilivuta maji kutoka tabaka za mchanga zilizo chini sana. Msukumo wa maji ulipopungua, tabaka za mfinyanzi zilizopakana na mchanga huo zilikamuka maji yake na kubanwa. Mfinyanzi ukishabanwa hivyo haurudi ulivyokuwa, hata maji yakirejea. Pako mahali palipoteremka zaidi ya mita 4. Chora kisima: bomba la chuma limekita kwenye tabaka gumu chini, ardhi inashuka, bomba halishuki. Baada ya miaka, bomba linaonekana kama limechipuka kutoka ardhini, na kiwango cha ardhi cha zamani kimebaki juu kwenye bomba. Mchoro huo mmoja unafanya kazi kuliko kurasa tatu za maelezo.

Sheria ya mwaka 1956 ilianza kudhibiti maji ya viwandani na ya mwaka 1962 ikagusa maji yanayovutwa kwa matumizi ya majengo. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 kudidimia kulikuwa kumepungua sana. Lakini eneo lililokwisha kuwa chini ya usawa wa bahari linalindwa hadi leo kwa matuta na pampu. Tena maji yalipopanda upya yalianza kusukuma stesheni za chini ya ardhi kwa juu, ikabidi stesheni za Tokyo na Ueno zishikiliwe kwa nanga za chuma.

Kuhusu viwanda vyenyewe, naomba tuache kufundisha miji ya Minamata na Yokkaichi kama orodha ya maafa. Zifundishwe kwa swali moja: taka ilihamishwa au ilipunguzwa? Minamata, ugonjwa uletwao na sumu ya zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Kiwanda cha Chisso kilitumia zebaki kama kichocheo cha kutengeneza asetaldehaidi, kemikali ya viwandani. Mwaka 1958 mkondo wa majitaka ulielekezwa kwenye mlango wa mto badala ya bandari, na wagonjwa wakaanza kuonekana katika vijiji vingine vya pwani ile. Umwagaji huo ulikoma mwaka 1968. Yokkaichi, mafuta yenye salfa nyingi yalileta pumu katika mtaa wa Isozu; suluhisho la kwanza likawa kurefusha mabomba ya moshi, yaani kuupeleka moshi mbali zaidi. Mwaka 1972, mwaka ule ule wakazi waliposhinda kesi, mkoa wa Mie, ulipo mji huo, ulianza kuweka kikomo cha jumla ya salfa inayotoka eneo zima. Hapo ndipo kiasi chenyewe kilipobanwa.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote tumelichukua miji ya Numazu na Mishima. Mwaka 1964 walimu wa sekondari ya ufundi ya Numazu na wanafunzi wao walichunguza upepo, ili kujua moshi wa viwanda vilivyopangwa ungeelekea wapi, kwa kutazama bendera za vitambaa zenye umbo la samaki, ambazo familia huzitundika mwezi Mei. Matokeo yao yaliwapa wakazi hoja, na mpango wa kujenga viwanda vya kemikali za mafuta pale ukaachwa. Walimu wenzetu walifanya hivyo kwa vitambaa!

Shule zinazolijaribu zizingatie haya. Bendera isiwe nyuma ya ukuta au mti. Soma mwelekeo mara tatu kwa siku, saa zile zile, siku 10 mfululizo, kwa pande 8 za dira. Palipotulia andika "shwari", usibahatishe upande. Shwari ni kipimo muhimu, kwa kuwa alfajiri hewa baridi ikikaa chini ya hewa ya joto, moshi haupandi. Shajara kadhaa za upepo tulizopokea zilikuwa na vipimo vya mchana tu, na hizo tumezirudisha.

Kamati inaomba kibali cha mambo mawili: ramani ya ukanda wa viwanda na ramani ya watu waliohama ziunganishwe kuwa moja katika toleo jipya, na zoezi la upepo liwe la lazima kwa kidato cha tatu. Kura itapigwa mara baada ya mweka hazina kusoma taarifa ya fedha.