Katika modeli za mitambo, gia zitangulie simu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja kuhusu modeli za mitambo ya ujenzi zinazoundwa kwa matofali ya plastiki na kuendeshwa kwa mota za betri. Wazazi wenye uwezo wameanza kuwanunulia watoto wao, na baadhi ya wakufunzi wenzangu wa ufundi mitambo wanajiuliza kama zinafaa kuingizwa katika karakana za mafunzo. Kwa maoni yangu zinafaa sana. Kinachonisumbua ni vigezo vya kuzichagulia, kwani mnunuzi huuliza modeli ina vipande vingapi, ina mota ngapi, na kama inaendeshwa kwa simu, na akishajibiwa hayo matatu bado hajajua kama kijana atakayeiunda ataelewa lolote kuhusu mtambo.

Kwa wasiozifahamu, nieleze kwa ufupi. Zinazojulikana zaidi ni za kampuni ya LEGO ya Billund, nchini Denmark, iliyoanza kuuza matoleo yake ya kiufundi mwaka 1977 na kuyapa jina la Technic mwaka 1984. Mwaka 2007 ulikuja mfumo wa mota unaoendeshwa kwa rimoti ya miale ya infraredi, mwaka uliofuata zikaongezwa jeki ndogo za skrubu zinazorefuka na kufupika kama silinda za haidroliki, yaani zinazosukumwa kwa mafuta, na mwaka 2019 rimoti ikaanza kuachwa, uendeshaji ukahamia kwenye programu ya simu.

Tuchukue mifano miwili ya matoleo hayo ya simu. Ekskaveta ya Liebherr R 9800, ambayo mtambo wake halisi wa migodini una uzito wa takriban tani 800, ilitolewa kama modeli mwaka 2019 ikiwa na vipande 4,108 na mota 7. Miaka miwili baadaye likaja buldoza la Cat D11 lenye vipande 3,854 na mota 4. Anayehesabu atachukua ekskaveta bila kusita. Mimi ningechukua buldoza, kwa sababu katika ekskaveta ile karibu kila kiungo kimepewa mota yake, kwa hiyo mwundaji anaunganisha mota, jeki na mkono, anabonyeza simu, na mkono unanyanyuka. Ameona matokeo lakini hakulazimika kufikiri. Ndani ya buldoza kuna gia boksi inayopokea nguvu ya mota moja na kuipeleka ama kwenye bledi ya mbele inayosukuma udongo ama kwenye ripa ya nyuma, yaani jino la kupasulia ardhi, huku mota nyingine ikifanya kazi ya kuchagua njia. Kijana akishindwa kuipanga gia boksi hiyo, bledi itakaa kimya na ripa itanyanyuka wakati haikuagizwa, naye atalazimika kuifumua hadi aone ni gia ipi imeshikana na isiyo yake. Saa anayoitumia kuitafuta gia hiyo ina thamani kuliko zile mota tatu za ziada.

Sisemi mota nyingi ni dhambi. Mitambo mingi ya kisasa inakwenda njia hiyohiyo, na fundi wa leo hana budi kuzijua waya na vihisio. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huja kwetu akiwa tayari anaijua simu kuliko anavyojua kwa nini gia ndogo ikiendesha kubwa mwendo hupungua na nguvu huongezeka. Katika vipande hivi hesabu hiyo inaonekana kwa macho: gia ya meno 8 ikiendesha ya meno 24, mwendo unashuka hadi theluthi moja, mbele yake ukiongeza ya meno 8 inayoendesha ya meno 40, unashuka tena mara tano, jumla mara kumi na tano. Mwanafunzi akishika shafti ya mwisho kwa vidole na kujaribu kuisimamisha mota, anashindwa. Akishika ile ya kwanza, anaweza. Kwa kijana aliyezoea kukariri kanuni za ubaoni, jaribio hilo la dakika moja linatosha.

Kuna kipande kimoja ambacho ningependa kila karakana iwe nacho, nacho ni gia ya skrubu. Ukiiweka kwenye shafti ya mota na kuibananisha na gia ya meno 24 iliyobeba roda la kamba, shafti itazunguka mara 24 ili roda lizunguke mara moja. Fungia kamba hiyo mzigo, unyanyue, kisha zima mota. Mzigo hubaki ulipo, kwa sababu skrubu huweza kuisukuma gia lakini gia haiwezi kuirudisha skrubu nyuma. Badili sasa, weka gia za kawaida mahali pa skrubu, na mota ikizimwa mzigo utateremka wenyewe na kuizungusha mota kinyumenyume. Winchi halisi za kwenye maeneo ya ujenzi huwekewa breki, na mwanafunzi aliyeuona mzigo ukiporomoka mezani hahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini breki hiyo hukaguliwa kabla ya kazi kuanza.

Kipande kingine ni gia nyeupe ya meno 24 yenye klachi ndani yake. Mkono wa modeli ukifika mwisho wa safari yake na mota ikaendelea kusukuma, gia hii huteleza kwa mlio wa kukwaruza, mota ikasalimika na meno yasivunjike. Kazi hiyohiyo kwenye ekskaveta halisi hufanywa na vali inayorudisha mafuta kwenye tangi shinikizo linapozidi kiwango. Nimeona wanafunzi wakiichukulia vali hiyo kama kitu cha pembeni kwa kuwa imefichika ndani ya bomba na chuma, ilhali gia ya klachi wanaisikia kwa masikio yao.

Haidroliki yenyewe haimo katika modeli hizi, na hapa wauzaji huwapotosha watu. Zipo zinazotumia hewa, kama ekskaveta ya magurudumu ya Volvo EW160E iliyotoka mwaka 2016, ambayo haina mota hata moja. Unapampu kwa mkono na silinda zinanyanyua mkono wake. Ukiubonyeza mkono huo kwa kidole unadunda, maana hewa hushindilika. Mafuta hayashindiliki kiasi cha kuonekana kwa jicho, na ndiyo maana mkono wa mtambo halisi hutulia pale opereta alipouacha. Mkufunzi makini anaweza kuugeuza upungufu huu wa modeli kuwa kipindi kizima cha masomo.

Nirudi kwenye simu. Modeli zilizotegeshwa kwa programu hazina rimoti ndani ya boksi, kwa hiyo simu ikiwa ya zamani mno kwa programu hiyo, au mwenye simu akitoka, mtambo wa mamilioni unabaki pambo la kabati. Ni haki pia kueleza kasoro ya mfumo wa zamani: miale ya infraredi husumbuliwa na mwanga wa jua, na katika uwanja wetu wa mchana rimoti ile inaweza kukataa kabisa mpaka urudi kivulini, jambo ambalo mawimbi ya redio ya simu hayana. Hata hivyo, kwa mafunzo ningeendelea kuipendelea rimoti, au swichi ya kawaida kwenye boksi la betri, kwa kuwa kila mwanafunzi anaweza kuishika bila kuomba nywila ya mtu. Na kuhusu betri, wanunuzi wajue kwamba boksi huchukua 6 za volti 1.5, yaani volti 9. Za kuchaji nyingi zina volti 1.2, jumla inakuwa 7.2, na modeli nzito yenye cheni huonekana kuchoka ingawa haina ubovu wowote.

Najua litakaloulizwa ni bei, na ni swali la haki, kwani modeli moja kubwa inaweza kugharimu zaidi ya karo ya mwanafunzi. Jibu langu ni kwamba karakana haihitaji modeli kubwa, wala haihitaji mpya. Inahitaji gia za ukubwa mbalimbali, shafti, mota mbili au tatu, skrubu, klachi na mihimili yenye matundu, vitu vinavyouzwa rejareja na vilivyotumika. Si lazima pia viwe vya kampuni moja. Hataza ya tofali la awali, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, iliyoombwa Denmark Januari 28, 1958, ilikwisha muda wake kitambo, na mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua Septemba 2010 kwamba umbo la tofali hilo haliwezi kulindwa kama alama ya biashara, hivyo watengenezaji wengine wanaruhusiwa kuuza yanayoingiliana nalo. Kunakili modeli nzima pamoja na boksi na kijitabu chake ni jambo jingine, na vyuo vya umma visijiingize huko. Ubora pia hutofautiana: kipande kisichopimwa sawasawa hubana shafti, mota hupata moto, na mwanafunzi hulaumu hesabu zake ambazo hazina kosa.

Watoto wetu wamekuwa wakiunda malori ya waya na makopo, yenye usukani mrefu unaogeuza magurudumu ya mbele kwelikweli, na hakuna aliyewapa kijitabu cha maelekezo. Kipaji hicho kinakufa kijana anapokabidhiwa boksi lenye hatua mia kadhaa zilizochorwa na kuambiwa afuate moja baada ya nyingine. Kwa hiyo napendekeza kwa wakuu wa vyuo vya ufundi, na hasa kwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanapopanga manunuzi ya zana za kufundishia, kwamba kijitabu kitumike mara moja tu ili wanafunzi waone jinsi vipande vinavyoshikana, kisha modeli ifumuliwe na kila kundi lipewe jukumu lake: kwa mota moja, unda chombo kinachotembea na kunyanyua, lakini kisifanye yote mawili kwa wakati mmoja. Atakayelitatua jukumu hilo apelekwe siku hiyohiyo kwenye greda bovu lililoko nyuma ya karakana, gia boksi ifunguliwe mbele yake, na aachiwe aeleze yeye kabla ya mkufunzi.

Mkufunzi wa ufundi mitambo,
Morogoro