Kabla ya kuchimba mfereji mwingine Luiche, pimeni maji kwanza

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Mi nalima mpunga bonde la mto Luiche, hapa Ujiji, na kiangazi napanda nyanya na bamia, kwa hiyo haya sijasimuliwa.

Mwezi wa nane mwaka jana nilichomeka fito mtoni nikaikata alama kwa kisu. Asubuhi maji yapo kwenye alama, mchana yameshuka kiganja kizima, usiku yanarudi. Mvua haijanyesha wala nini, nikaamua kupanda na mto kwa miguu nikahesabu pampu za petroli kumi na moja, na mabomba yameingia mtoni kama mirija kwenye dafu. Siwalaumu maana hata mi ninayo moja.

Sasa nasikia kila upande una plani yake, huku skimu ya umwagiliaji, kule banio jipya, yaani kizuizi cha kuingizia maji mferejini, wengine wanataka maji ya kunywa, na kila mmoja anapiga hesabu kana kwamba yuko peke yake mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 ilishamaliza huo ubishi, nchi ina mabonde ya maji 9, sisi tuko Bonde la Ziwa Tanganyika na bodi yake ipo hapahapa Kigoma, ukitaka kuchepusha maji unaomba kibali na watumiaji mnaunda jumuiya. Nzuri kabisa, ila kibali kikishaandika kiasi cha kuchukua nani anakuja kusoma kama unachukua hicho? Banio nyingi nilizoziona hazina hata rula ya kupimia, fundi wa zamu anafungua lango kwa kukadiria tu, na mfereji wa udongo nao unakunywa chake njiani kabla maji hayajafika kwenye jaruba la mpunga.

Kuna wanaosema aah, ziwa si limejaa juzi tu mpaka likaingia kwenye nyumba za watu. Jamani, ziwa liko chini ya mashamba, maji yakishafika kule kuyarudisha ni petroli, na bei ya petroli mnaijua.

Usangu, kule Mbeya, walianza hivihivi, mpunga huku, mifugo kule, kila mtu na mfereji wake, kuanzia 1993 Ruaha Mkuu ukawa unakatika kiangazi, na ule ni mto unaopeleka maji bwawa la umeme la Mtera, sembuse huu wetu.

Ombi langu ni dogo. Mwezi wa tano mvua ikiisha, kabla mtu hajasia mbegu, wa juu na wa chini ya mto tukae na watu wa bodi ya bonde, maji yapimwe, ndo tujue kiangazi hicho zinalimwa ekari ngapi na zamu zinaendaje. Kama hayatoshi mpunga wa pili tulime mboga, basi. Fito yangu bado ipo pale, mtaalamu akija nitampeleka mwenyewe.

Msomaji wako, Ujiji