Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hariri ya Buibui kutoka kwa Bakteria

Ndugu wanachama,

Mwaka mzima kamati imekuwa na hoja moja mezani: katika kutengeneza hariri ya buibui, tufuate protini ndefu au fupi? Kufuga buibui hatukujadili, maana wakiwekwa pamoja hulana. Jeni ya hariri hupandikizwa kwenye bakteria E. coli, na matatizo huanzia hapo.

Mwaka 2010, maabara ya KAIST, chuo kikuu cha sayansi cha Korea Kusini, ilionyesha kwamba urefu una faida. Protini yao ya kilodaltoni 284.9 (kipimo cha uzito wa molekuli), yenye kipande kilekile cha hariri kilichorudiwa mara 96, ilitoa uzi wa nguvu ya megapaskali 508. Lakini karibu asilimia 45 ya amino asidi zake, yaani viungo vinavyoijenga, ni glisini. Bakteria wa kawaida hana tRNA (molekuli zinazobeba amino asidi) za glisini za kutosha, hivyo ribosomu, mashine ya seli inayojenga protini, hukwama njiani, na jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa huonyesha ngazi ya vipande vilivyokatika. Watafiti wa KAIST waliongeza jeni za tRNA hizo na kukuza utengenezaji wa glisini yenyewe. Kisha ikabidi protini iyeyushwe kwa heksafluoroisopropanoli, kemikali kali na ya bei, na uzi ugandishwe kwenye methanoli. Maabara ndogo isijitie huko.

Kamati inapendekeza protini fupi iitwayo NT2RepCT, iliyochapishwa na watafiti wa Sweden mwaka 2017. Ina kilodaltoni 33 tu, na ina ncha mbili, NT mwanzoni na CT mwishoni; NT ni ya buibui wa Afrika, Euprosthenops australis. Bakteria BL21(DE3), aina ya E. coli ya maabara, huoteshwa kwa nyuzi 30 za Selsiasi hadi OD600 (kipimo cha wingi wa seli kwa mwanga) ikaribie 0.8, hupoozwa hadi nyuzi 20, ndipo IPTG, kemikali inayowasha jeni, huingizwa na kuachwa usiku kucha. Msiruke kupooza: kwenye joto, protini mara nyingi hujikunja vibaya na kurundikana isiyeyuke.

Seli zikishapasuliwa, kaeni kwenye bafa (mmumunyo unaoshikilia pH) ya Trisi ya pH 8. Kolamu ya nikeli hushika protini, kemikali ya imidazoli huitoa, kisha dialisisi, yaani kuchuja kwa utando, huondoa imidazoli. Koleza protini hadi miligramu 300 kwa mililita, kisha sukuma kupitia kapilari ya kioo (mrija mwembamba sana) ndani ya bafa ya asetati ya pH 5. Pale pH inaposhuka, NT huungana mbili mbili, CT hufunguka, na uzi huganda papo hapo. Asetati ikipanda ndani ya ncha ya kapilari, kapilari huziba. Anzeni kusukuma kabla ya kuichovya.

Chupa za kutikisa hutoa takriban miligramu 125 kwa lita. Nguvu ya uzi ni megapaskali 162 hivi, chini ya theluthi ya ule wa KAIST. Ni hasara ya kweli, ila kazi yote hufanyika kwenye maji.

Wanaoendelea na jeni ndefu watumie aina ya bakteria isiyo na recA (jeni inayounganisha DNA zinazofanana), kama BLR, na wabadilishe kodoni, yaani herufi tatu tatu za jeni, kati ya marudio, vinginevyo plasmidi, duara la DNA linalobeba jeni, hujikata. Urefu wa jeni upimwe mwisho wa uoteshaji pia.

Pendekezo lipigiwe kura kabla ya bajeti ya kemikali, kwa sababu kolamu na IPTG huagizwa mapema.