Muwasho usio na vipele: pimeni ini kwanza

Mhariri,

Mtu anawashwa viganja na nyayo, usiku kuliko mchana, na ngozi haina kitu ila mikwaruzo ya kucha zake mwenyewe. Duka la dawa linampa Piriton, baadaye losheni ya upele, kisha Piriton tena, na miezi inakatika. Muwasho wa namna hiyo unaweza kutokana na nyongo iliyokwama, na unadai vipimo vya ini: bilirubini (rangi ya njano ya nyongo), vimeng'enya vya ALP na GGT, na altrasaundi ya kuonyesha kama njia ya nyongo imeziba.

Piriton huzuia histamini, kemikali ya mwili iletayo muwasho wa mzio, na muwasho wa nyongo iliyokwama hauletwi na histamini. Inachofanya ni kumsinzisha mgonjwa tu. Kwa mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, hata huo usingizi una hatari, kwani dawa za kusinzisha zinaweza kumsukuma kwenye kuchanganyikiwa.

Jiwe au uvimbe ukiziba njia, dawa ya muwasho ni kuizibua. Pasipo kizuizi, mgonjwa huanza na mafuta yasiyo na manukato, maji ya kuoga yasiyo moto, na kucha fupi. Kisha kolestiramini, unga wa kunasa asidi za nyongo tumboni, unaokorogwa kwenye maji au juisi: gramu 4 kabla ya kifungua kinywa na 4 baada yake, maana asubuhi ndipo mfuko wa nyongo unapomwaga ulichokusanya usiku kucha. Isizidi gramu 16 kwa siku. Wengi huharibu kwa kuimeza pamoja na dawa nyingine. Unga huu hunasa na dawa pia, kwa hiyo hizo nyingine zimezwe saa 1 kabla yake, au saa 4 hadi 6 baadaye. Hufunga choo, na kwa muda mrefu hupunguza vitamini A, D, E na K. Fizi zikianza kutoka damu, fikiria upungufu wa vitamini K.

Isiposaidia, hufuata rifampisini, ambayo pia ni dawa ya kifua kikuu, kuanzia miligramu 150 kwa siku bila kuvuka 600. Hapa tunaomba waandikaji wa dawa wasiende mbio. Kumpa rifampisini peke yake mtu mwenye kifua kikuu kisichojulikana ni kuzalisha vijidudu sugu, basi makohozi na picha ya kifua vitangulie. Inavunja nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, atahitaji miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Tena yenyewe inaweza kuumiza ini, kwa hiyo vimeng'enya vya ini vipimwe upya baada ya wiki chache. Mkojo wa rangi ya chungwa usimtishe mtu. Baada ya hapo zipo dawa nyingine za muwasho huu, naltreksoni na setralini.

Kuna wanaouliza kama muwasho unaweza kutibiwa kwa kuzuia BNP, moja ya peptidi za natriyuretiki, yaani homoni za moyo zinazouondolea mwili chumvi. Moyo ukitanuliwa na wingi wa damu, vyumba vya juu hutoa ANP na vya chini hasa BNP; figo hupokea amri ya kumwaga chumvi na maji, na mishipa hulegea. Mwaka 2013 Santosh Mishra na Mark Hoon wa Marekani walionyesha kwamba katika panya, BNP hiyohiyo hutumiwa na neva kupeleka habari ya muwasho kwenye uti wa mgongo. Ni ugunduzi mzuri, ila kipokezi chake ndicho kile kilicho kwenye figo na mishipa ya damu. Ukikizuia mwili mzima umegusa chumvi na presha, na mgonjwa wa ini mwenye maji tumboni tayari figo zake zinang'ang'ania chumvi. Kwa hiyo daktari akiagiza kipimo cha BNP leo, anachunguza moyo.

Mjamzito anayewashwa viganja na nyayo katika miezi mitatu ya mwisho asingoje tarehe ya kliniki. Apimwe ini na asidi za nyongo. Zikifika maikromoli 100 kwa lita, hatari ya mtoto kufia tumboni hupanda, na uzazi hupangwa mapema, karibu wiki ya 35 au 36.

Wafamasia wasomaji wenu,
Tanga