Barua kwa Mama kutoka Oregon

Shikamoo Mama,

Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima. Sisi huku hatujambo, ila mvua ya Portland ilikuwa imetuchosha. Basi juzi mkweo akawasha gari, tukashika barabara ya 26 kuifuata chemchemi ya maji ya moto.

Mama, ukishaupita Mlima Hood unaingia nchi nyingine kabisa. Milima ile huzuia mawingu yatokayo baharini, kwa hiyo upande wa pili ni ukavu mtupu, majabali na vichaka vya kijivu vyenye harufu kali. Huko ndiko kwa watu wa Warm Springs, Wasco na Paiute, makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, na kwenye bonde la mto wao ndiko iliko Kah-Nee-Ta, chemchemi yenyewe tuliyoifuata.

Si mahali pa kujiingilia. Wana baraza lao, polisi wao, mahakama yao. Mgeni hushika barabara za umma, havui samaki bila kibali, na ni adabu kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Maji yenyewe sasa! Nilizama hadi shingoni nikakukumbuka wewe na magoti yako. Ni mvua ya zamani iliyozama ardhini, ikapashwa moto na miamba ya chini, kisha ikapanda tena kupitia nyufa. Mto unapita jirani, na wenyewe ni baridi ya kukata mifupa. Mkweo alijaribu kuingiza mguu huko akarudi mbio.

Karibu yetu alikuwepo mgeni mmoja akinung'unika: eti maji ya Mungu yanalipiwaje? Nilimwacha, hakujua yaliyowapata wenye chemchemi. Mwaka 1855 Wawarm Springs na Wasco walitia saini mkataba na serikali ya Marekani uliowatoa kwenye ekari zipatazo milioni 10, wakabakiwa na kama 640,000. Wapaiute waliletwa baadaye. Hata chemchemi hii, iliyo katikati ya ardhi yao, iliwahi kuangukia mikononi mwa mtu binafsi. Mwaka 1957 bwawa la umeme la The Dalles likayafunika maporomoko ya Celilo katika mto Columbia, walikovua samaki aina ya samoni tangu enzi za mababu. Walilipwa fidia, na kwa sehemu ya fedha hizo wakainunua tena chemchemi yao, wakajenga mahali pa wageni na kupafungua mwaka 1964. Yaani wamepoteza maji huku, wakayakomboa huku. Palifungwa mwaka 2018, pakafunguliwa tena 2024. Kiingilio nilikilipa kwa moyo mweupe.

Tulipotoka tulipita kwenye makumbusho yao, palipo vikapu vilivyosukwa kwa ustadi, ambavyo wewe ungevikagua mshono kwa mshono.

Picha nimemtumia mdogo wangu, akuonyeshe kwenye simu yake. Na ile dawa ya magoti, niambie kama imeisha nitume nyingine kabla ya mwisho wa mwezi.

Mwanao akupendaye